Namna ya Kumwongoza Mwindaji wa Bata Mzinga Anapofika Arusha: Kati ya Nyara na Furaha ya Mawindo

Mwongozo huu nimewaandikia vijana wanaoanza kazi katika kampuni za uwindaji wa kitalii zenye ofisi Arusha, yaani wafuata nyayo, madereva na wasaidizi wa wawindaji bingwa (wale wenye dhamana ya kumwongoza mgeni porini), pamoja na wahitimu wa Chuo cha Mweka kule Moshi ambao wanaijua elimu ya wanyamapori lakini bado hawajakaa porini kwa siku nyingi mfululizo na mgeni mmoja. Unahusu mgeni wa aina moja tu, Mmarekani aliyejifunza kuwinda kwa kumfuata bata mzinga mwitu. Mgeni huyu anakuja na tabia alizozipata huko kwao, na ndani ya tabia hizo mna njia mbili ambazo wawindaji wenyewe wa bata mzinga hubishana juu yake kwa uchungu: njia ya kukimbiza nyara, yaani mnyama au ndege mwenye vipimo vikubwa vya kujivunia, na njia ya kuwinda kwa ajili ya furaha ya kuwinda. Kazi yako ni kutambua mapema mgeni wako amesimama wapi, kisha kuzipanga siku zake ili kipimo kije baada ya mawindo na kisiwe ndicho kinachoyaongoza. Nasema hivyo kwa sababu naamini kwamba mgeni anayepima kabla ya kuona hupoteza sehemu kubwa ya kile alicholipia, na mwongozaji anayemwacha aendelee hivyo hajaifanya kazi yake.

Kwanza umfahamu ndege mwenyewe, maana huwezi kuzungumza na mtu juu ya jambo analolipenda ikiwa hulijui. Bata mzinga mwitu si yule mzito anayefugwa hapa kwetu kwa ajili ya Krismasi. Ni ndege mwepesi wa kukimbia, anayeruka vizuri na kulala juu ya miti, mwenye macho makali yanayotambua rangi na mtikisiko mdogo kabisa. Huwindwa zaidi majira ya machipuko, kati ya Machi na Mei kutegemea jimbo, wakati madume yanapotafuta majike. Alfajiri, dume likiwa bado juu ya mti, hutoa ule mlio wake wa gulugulu unaosikika mbali, na mwindaji aliyekwisha kuketi gizani, mgongo wake ukiwa umeegemea shina la mti na mwili wote umefunikwa nguo za rangi ya msitu, humjibu kwa sauti ya jike. Sauti hiyo huitoa kwa kifaa: kisanduku cha mbao ambacho kifuniko chake husuguliwa kwenye ukingo, au kibamba cha jiwe kinachosuguliwa kwa kijiti, au utando mdogo unaobandikwa kwenye kaakaa na kupulizwa. Ugumu wake ni kwamba kwa kawaida jike ndilo humwendea dume. Mwindaji anamwomba dume afanye kinyume cha desturi yake. Ndiyo maana dume linaweza kuitikia kwa saa nzima bila kusogea, likasimama nyuma ya kichaka likitandaza mkia na kuburuza mbawa, kisha likaenda zake. Mwindaji anayevaa kitu chekundu, cheupe au cha buluu anajihatarisha, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume na mwindaji mwingine anaweza kumpiga risasi kwa kudhani ni ndege.

Sasa fikiria mtu aliyeyapitia hayo kwa miaka mingi. Asubuhi zake nyingi zimeisha mikono mitupu, na bado anazikumbuka kwa furaha. Huyo ndiye mgeni anayewinda kwa kupenda.

Mgeni wa pili naye ameyapitia hayo hayo, lakini amejifunza pia kuhesabu. Dume la bata mzinga lina ndevu, yaani kishungi cha nyuzi ngumu kinachoning'inia kifuani, na lina miiba nyuma ya miguu kama jogoo. Chama cha Kitaifa cha Bata Mzinga Mwitu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1973 na chenye makao yake Edgefield katika jimbo la South Carolina, kina kanuni ya alama inayotumika nchi nzima: unachukua uzito wa ndege kwa pauni, unajumlisha urefu wa ndevu kwa inchi ukizidishwa mara 2, kisha unajumlisha urefu wa kila mwiba ukizidishwa mara 10. Ndege wa pauni 20, yaani kama kilo 9, mwenye ndevu za inchi 10 na miiba miwili ya inchi moja moja, anapata alama 60. Juu ya hesabu hiyo kuna ya pili, ya kukusanya jamii za ndege. Mtu aliyewinda jamii nne, yaani ile ya mashariki, ile ya Osceola, ile ya Rio Grande na ile ya Merriam, husemwa kuwa amekamilisha Grand Slam. Akiongeza ile ya Gould, inayopatikana Mexico na kusini-magharibi mwa Marekani, anapanda daraja; akiongeza bata mzinga wa madoa, ambaye ni spishi nyingine kabisa ya rasi ya Yucatan na nchi jirani za Guatemala na Belize, anapanda tena. Wapo wanaolenga kuwinda dume moja katika kila jimbo kati ya majimbo 49, kwa kuwa Alaska peke yake haina ndege hawa.

Usiidharau hesabu hii mbele ya mgeni, wala moyoni mwako. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walikuwa wametoweka katika sehemu kubwa ya nchi yao kwa sababu ya kuwindwa ovyo kwa ajili ya soko na kukatwa kwa misitu. Walirudishwa kwa kazi ya miongo mingi, ambapo watumishi wa wanyamapori waliwanasa kwa nyavu zinazorushwa na mizinga midogo na kuwahamishia mahali walipokuwa wamekwisha. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitokana na leseni za wawindaji na kodi ya silaha na risasi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1937. Aliyelipia leseni katika majimbo mengi ili akamilishe orodha yake amechangia pia, na ni haki kulitambua hilo.

Hata hivyo hesabu ina gharama yake, na mwongozaji hana budi kuijua. Jamii ya Osceola inapatikana tu katika rasi ya Florida. Kwa hiyo kila anayetaka Grand Slam lazima apite huko, na wengi hupita kwa haraka. Mwongozaji wa huko huwa amekwisha kujua mti ambao dume linalala, kibanda cha kujificha kimekwisha kujengwa, na mgeni huketi, hupiga, hupimiwa, hupigwa picha, na kuondoka kwenda jimbo jingine. Hakujifunza kuita, hakusoma ardhi, hakungoja. Ukimuuliza mwaka mmoja baadaye juu ya ndege yule, atakutajia urefu wa miiba. Mtu wa namna hiyo akifika kwetu hushawishika kufanya vivyo hivyo kwa nyati na pofu, na huo ndio mwanzo wa shida kambini.

Mazungumzo ya kumtambua mgeni yaanze barabarani. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro hadi Arusha mjini ni mwendo wa takriban saa moja, na hakuna wakati mzuri zaidi ya huo, kwa sababu mgeni amechoka na hajaanza kujionyesha. Msalimu, mpe pole ya safari, mwache atazame migomba na mashamba ya mahindi, kisha umuulize kama huko kwao anawinda bata mzinga. Akisema ndiyo, usimuulize alimpata mkubwa kiasi gani. Mwombe akusimulie asubuhi moja anayoikumbuka, halafu unyamaze. Anayeanza na uzito na inchi anakuonyesha njia moja. Anayeanza na ukungu, baridi, na dume lililomzunguka likatokea mgongoni mwake, anakuonyesha nyingine. Wengi watachanganya, na hao ndio walio rahisi kuwaongoza. Swali la pili liwe juu ya mtu aliyemfundisha. Nimeona mara nyingi kwamba mgeni akianza kumzungumzia babu au mama yake, sauti hubadilika na orodha husahaulika kwa muda. Swali la tatu, ambalo wengi huliogopa, ni hili: je, akirudi nyumbani bila mnyama aliyemtaja kwenye barua zake, safari itakuwa imeharibika? Liulize kwa upole na ulisikilize jibu lote. Lipeleke jibu hilo kwa mwindaji bingwa jioni ile ile, kwa sababu ndilo litakaloamua mpangilio wa siku zijazo.

Ushauri wangu kwa mpangilio ni kwamba siku za kwanza ziwe za ndege, hata kama mgeni amekuja kwa ajili ya wanyama wakubwa, alimradi leseni yake inawahusisha ndege na idadi iliyoandikwa humo inaheshimiwa. Ndege humrudisha mgeni katika mambo aliyoyapenda kabla hajajifunza kuhesabu. Na katika ndege wetu, anayemfaa zaidi mwindaji wa bata mzinga ni kwale mwenye koo la njano, aliyejaa katika nyika kavu za Longido na Monduli. Dume la kwale huyu hupanda kichuguu au kisiki wakati wa mapambazuko na kutoa mlio mkali wa kukwaruza unaojibiwa na mwenzake wa ng'ambo ya pili. Mgeni aliyezoea kusikiliza gulugulu gizani ataelewa mara moja bila kuelezwa.

Amsheni kambi saa kumi na moja alfajiri. Mgeni anywe chai au kahawa, kisha mtembee kwa miguu hadi mahali pa wazi kidogo palipo na vichuguu, mfike kabla ya mwanga. Bunduki ya marisau ibaki imefunguliwa na bila risasi. Keti naye na mwambie kwamba kwa nusu saa ya kwanza kazi ni kusikiliza tu: ahesabu ni madume mangapi yanaita na aonyeshe kwa mkono upande wa kila moja. Mfuata nyayo naye afanye hivyo kimya kimya, na mwishowe mlinganishe. Nusu saa hii ndiyo ninayoithamini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwongozo huu, kwa maana hapo mgeni anakuwa mwindaji tena badala ya mteja. Anayetafuta nyara atahangaika dakika za mwanzo, mvumilie. Akishampata dume moja kwa sikio, na likatokea juu ya kichuguu pale pale alipoonyesha, mara nyingi utamwona anatabasamu peke yake.

Jua likishatoka, panga watu katika mstari mmoja na mwanze kutembea polepole, upepo ukiwa usoni, mkisimama kila baada ya hatua kadhaa. Kwale hupenda kukimbia chini ya vichaka kuliko kuruka, na kusimama ghafla ndiko kunakowatia hofu wakaruka. Hapa pana tofauti moja unayopaswa kumweleza mgeni kabla, si baada. Bata mzinga hupigwa akiwa amesimama chini, kichwani na shingoni, kwa umbali mfupi. Kwale na kanga, kwa desturi nzuri ya uwindaji, hupigwa wakiwa angani. Mgeni aliyezoea kupiga ndege aliyesimama anaweza kuielekeza bunduki chini huku mfuata nyayo yuko mbele yake, au huku vijana wa Kimaasai wanapitisha mbuzi nyuma ya kichaka. Mwambie kwa maneno machache yasiyo na utata kwamba hatapiga ndege mpaka aone anga chini yake, na urudie maneno hayo kila asubuhi, hata kama ni mzee mwenye uzoefu wa miaka hamsini. Hakuna heshima inayovunjwa kwa kumlinda mtu asije akaua.

Kanga wanahitaji mbinu nyingine. Kundi lao hukimbia kwa pamoja, na likikimbia hivyo hamtalifikia. Mfuata nyayo mmoja azunguke kwa mbali na kutokea upande wa pili, ili kundi ligawanyike. Kanga waliotengana hujificha mmoja mmoja na kuruka mtu anapokaribia. Jioni hurudi kwenye miti yao ya kulala wakipiga kelele, na mgeni atashawishika kuwangojea pale. Mwache aende awatazame, kwa kuwa ni jambo la kupendeza na linalofanana sana na bata mzinga wanapopanda mitini, lakini bunduki ziachwe kambini. Kundi linalopigwa kwenye mti wake linaweza kuuhama.

Firigogo huja kunywa maji saa chache baada ya jua kuchomoza, makundi kwa makundi, wakiita angani. Msikae ukingoni mwa maji. Kaeni mbali kwenye njia yao ya kuruka, mpige wachache, kisha muondoke, kwa sababu msimu wa uwindaji wa kitalii unaanza Julai, katika kiangazi, na dimbwi hilo hilo linategemewa na mifugo ya kijiji. Ombeni ruhusa kwa wazee wa pale kabla ya siku yenyewe. Kama mgeni anapenda kujua mambo, mweleze kwamba dume la firigogo hulowesha manyoya ya tumbo na kuyabeba maji hayo hadi kwa makinda yake. Nimemwona mtu mzima akiiweka bunduki chini baada ya kusikia hilo, akabaki anatazama tu hadi makundi yakaisha.

Sasa juu ya utepe wa kupimia. Kwale dume ana miiba miguuni kama bata mzinga, na mgeni anayepima ataiona dakika ya kwanza. Weka kanuni moja tangu siku ya kwanza na uitangaze kama desturi ya kambi: hakuna kinachopimwa porini; vipimo vyote huchukuliwa kambini baada ya chakula cha mchana. Papo hapo kwenye mawindo, mgeni amshike ndege mikononi, amtazame rangi zake, amshukuru aliyemwinua, kisha asimulie mwenyewe ilivyotokea huku wote wakisikiliza. Mpe daftari dogo na umwombe aandike mambo ambayo utepe hauwezi kuyasema: nani alisikia kwanza, ardhi ilikuwaje, upepo ulitoka wapi, ndege aliponyokaje mara ya kwanza. Saa za mchana, inchi zitakapoandikwa chini ya maneno hayo, zitakuwa mahali pake. Picha zipigwe chache, ndege akiwa amepangwa vizuri na damu imefutwa, na mfuata nyayo awemo katika picha iwapo yuko radhi.

Mnapohamia kwenye wanyama wakubwa, mgeni wa nyara atarudi katika hesabu zake, na hapo usipambane naye bali utumie hesabu yenyewe. Mfano bora ni simba. Kanuni za nchi yetu zinataka dume linalowindwa liwe na umri wa miaka 6 au zaidi, na umri huo hukadiriwa kwa kutazama kwa makini ukubwa wa manyoya ya shingo, makovu ya uso, na pua, ambayo huwa ya waridi kwa simba kijana na kujaa madoa meusi kadiri anavyozeeka. Kipimo cha namna hii kinadai saa nyingi za kutazama kwa darubini. Mweleze mgeni kwamba nyara anayoitaka haipatikani ila kwa ule ule utulivu aliokuwa nao chini ya mti akisubiri dume la bata mzinga, na mara nyingi ataelewa vizuri kuliko ukimtajia sheria peke yake. Ila sheria nayo itajwe waziwazi pale anaposhawishi: akiomba apige kutoka kwenye gari, au mwendelee baada ya giza kuingia, au mchukue mnyama wa pili kwa kuwa wa kwanza alionekana mdogo, jibu ni hapana, na linatolewa na mwindaji bingwa mbele ya askari wa wanyamapori anayefuatana nanyi. Wewe kijana usibebe mzigo huo peke yako. Sema tu, "Mzee, hilo tumuulize bwana mkubwa," kisha nenda ukamwite.

Lipo jambo la bakshishi ambalo huharibu vijana wengi. Mgeni anaweza kuahidi fedha zaidi kwa pembe ndefu zaidi. Ukikubali, tayari umeanza kuwapita wanyama wanaofaa ukitafuta wa ahadi, na mfuata nyayo mwenzako ataanza kukuficha anachokijua. Kampuni iliyo makini hukusanya bakshishi mahali pamoja na kuigawa kwa wote, akiwemo mpishi. Kama kampuni yako haifanyi hivyo, shaurianeni mlianzishe ninyi wenyewe kabla ya msimu, na mgeni aelezwe siku ya kwanza.

Siku ya mwisho ipangiwe tena kwale wa alfajiri, hata kama orodha ya mgeni haijakamilika, na hasa ikiwa haijakamilika. Mwache achague mwenyewe kama atabeba bunduki. Nyama ya ndege iliyosalia ipelekwe kwa mpishi na kwa watu wa kijiji mlichopitia, daftari lake limefungwa pamoja na hati za nyara, na vipimo vyote vimehakikiwa na mwindaji bingwa kabla gari halijaondoka kambini, kwa sababu hati iliyokosewa tarakimu moja inaweza kuchelewesha mzigo mzima kwa miezi.